Kocha Asiye na Ndugu

Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia, timu ya mji wetu ilimfukuza kocha. Mji wetu uko mashariki ya Kongo, na mimi nilikuwa Durban, kwa hiyo mtu angedhani jambo hilo halikunihusu. Lilinihusu kuliko kazi yangu. Nilikuwa mlinzi wa lango katika yadi ya malori karibu na bandari, kuanzia Jumatatu alfajiri mpaka Jumamosi saa sita mchana, na kwa wiki nzima nilikuwa na mambo mawili tu ya kusema: namba ya gari, na weka saini hapa. Madereva walinijibu bila kunitazama. Zipo jioni nilizorudi chumbani kwangu mtaa wa Point sauti ikiwa imekauka kwa kukosa kazi, nikakohoa ili nijue kama bado ipo.

Siwalaumu madereva. Mimi mwenyewe si mtu mwepesi. Nina hasira za karibu, na nikiulizwa habari zangu huwa nawaza kwanza anayeuliza anataka nini. Mwaka ule wa vurugu dhidi ya wageni nilifukuzwa chumba na watu niliokuwa nikisalimiana nao kila asubuhi, na tangu hapo nikapunguza salamu. Lakini Jumamosi alasiri nilikuwa mtu mwingine, kwa sababu Jumamosi alasiri nilikwenda saluni.

Saluni ilikuwa ya mtu wa kwetu, chini ya jumba la zamani ambalo lilikuwa halijafikiwa na rangi mpya za Point. Ilikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, mabenchi mawili, na ukutani picha za mitindo ya nywele ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiomba. Tuliokusanyika pale tulikuwa wa mji mmoja na timu moja, na tulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: anayenyolewa ndiye mwenye neno. Sababu ilikuwa ya kikazi. Mtu akikatizwa maneno hugeuza kichwa, na akigeuza kichwa mashine inaharibu mstari, na mwenye saluni alikuwa anajivunia mistari yake. Basi ukiketi kitini ulisema mpaka ukavuliwa kitambaa, na wenzako walikaa na hasira zao benchini wakingoja zamu. Kuna watu walikuja kunyolewa nywele ambazo zilikuwa bado hazijaota.

Mpinzani wangu alikuwa mwalimu. Kwetu alifundisha jiografia. Durban aliuza makava ya simu na chaja kwenye meza ya kukunja, lakini tuliendelea kumwita mwalimu, naye aliendelea kusema kana kwamba ana ubao nyuma yake. Yeye alitaka timu imchukue mgeni, Mzungu mmoja aliyekuwa akitajwatajwa, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona.

"Muzungu hana famille kule," alisema siku ya kwanza, kidevu kikiwa kimeinuliwa na mkono wa kinyozi. "Hana shemeji, hana mutoto ya shangazi. Nani atamupigia simu aseme, weka kijana yangu mbele? Hakuna mutu. Entraîneur muzuri ni ule hana ndugu."

Nilingoja zamu yangu nikiwa nachemka. Mimi nilimtaka beki wetu wa zamani wa kushoto, ambaye siku hizo alifundisha michezo katika shule ya mapadri, na ambaye nyumba ya mama yake nyuma ya soko ilijulikana na kila mtu.

"Mutu hana ndugu hana wa kusikilia haya," nilijibu nilipoketi. "Muzungu akipoteza match tano, anapanda ndege, kwisha. Huyu wetu akipoteza, mama yake atapitia wapi ku soko? Atafanya nguvu sababu ya mama yake."

Benchi moja ilicheka, nyingine ikanuna. Tulibishana hivyo kwa wiki sita. Kamati ya timu ilikaa, ikaahirisha, ikakaa tena, na sisi tulikaa nayo kutoka mbali, kana kwamba mwenyekiti angetuma mtu Point kuja kuuliza maoni yetu.

Nguvu yangu katika ubishi ule haikuwa akili. Ilikuwa dada yangu. Aliuza mikate ya kukaanga langoni mwa uwanja, na wajumbe wa kamati walinunua kwake wakitoka kikaoni, na mtu mwenye njaa akishapata mkate wa moto husema ovyo. Habari zilizomfikia asubuhi zilifika redioni kesho yake. Kila Alhamisi nilimpigia kutoka duka la simu la Mrundi mmoja jirani na kwangu, nikazikusanya, na Jumamosi nilizitoa saluni moja moja, polepole, kama mtu anayegawa nyama. Siku hizo nilikuwa mtu. Waliniuliza, wakaniita vieux, yaani mzee, wakanipa nafasi benchini.

Wazazi wetu walikuwa wamekufa, na kaka yetu alikwenda vitani akapotea bila kaburi. Tulikuwa tumebaki wawili. Dada alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka tisa na aliniita petit, mdogo, hata nilipokuwa na mvi.

Inafaa nieleze desturi moja. Kwetu habari ya kifo haimwendei mfiwa moja kwa moja. Inampata kwanza mtu wa pembeni, naye anatafuta watu, na watu wanakuja pamoja na mchungaji wao, na kabla ya neno lolote mfiwa anaketishwa na kulishwa, kwa kuwa inajulikana kwamba hatakula tena kwa siku mbili. Ndiyo maana kila mmoja wetu aliyeko ugenini ameacha nyumbani namba mbili: yake mwenyewe, na ya mwenzake kwa ajili ya siku hiyo. Mimi niliacha namba ya mwalimu. Hakuwa rafiki yangu. Ila aliuza chaja, na simu yake haikuzimika.

Wiki ya sita dada alikuwa mgonjwa. Alikuwa na tension, presha ya damu, kwa muda mrefu, lakini safari hii miguu ilivimba, na Jumanne alikuwa aende hospitali kuu apimwe. Nilijua hivyo. Alhamisi nilipoingia katika kibanda cha simu nilijua kwamba ametoka hospitali juzi, na kwamba jibu la daktari lipo. Nilikuwa na dakika chache za kadi, na sauti yake ilipofika nikauliza: "Entraîneur bamemupata?"

Alicheka. "Ungenisalimia kwanza, petit."

Nikamsalimia, kisha nikarudi palepale. Naye akanipa yote kwa mpangilio, maana alijua kazi yake. Mwenyekiti anamtaka Mzungu. Mweka hazina anamfuata mwenyekiti. Wachezaji wametuma ujumbe kwamba wanamtaka beki wa kushoto, na Jumapili kamati itakaa kukata mzizi wa fitina. "Ukabaambie vizuri kule saluni," alisema. Nikauliza katibu yuko upande gani. Akaniambia. Nikauliza kama ni kweli Mzungu amekwisha kufika mjini. Akaniambia hapana, ni uongo wa redio. Kisha akasema, "Na docteur naye anasema..." na laini ikakatika.

Kadi zilikuwa zimepangwa mezani kwa Mrundi, hatua tatu kutoka nilipoketi. Sikununua nyingine. Nilijiambia nitamuuliza Alhamisi ijayo. Nilitoka dukani nikirudia kichwani habari ya katibu nisije nikaisahau.

Jumamosi asubuhi, nikiwa bado langoni, jirani wa dada alimpigia mwalimu. Dada alikuwa amekufa alfajiri, akiwa anajiandaa kuwasha moto wa mikate. Mwalimu akafunga meza yake, akaenda saluni, akawaambia wote. Mchungaji wetu aliishi Cato Manor na asubuhi hiyo alikuwa na mazishi ya mtu mwingine. Asingeweza kufika kabla ya saa tisa, na mimi nilijulikana kufika saa saba. Wakakubaliana wanishikilie mpaka aje. Na kitu pekee cha kunishikilia, kila mtu alijua, kilikuwa kocha.

Nilifika nikiwa nimejaa habari. Watu wawili walikuwa wametangulia, lakini mwenye saluni alinyoosha mkono kuelekea kitini.

"Kuya, vieux. Keti."

"Nilinyolewa juzi juzi," nilisema. "Hakuna kitu ya kukata."

"Keti tu. Lakini kula kwanza."

Kulikuwa na sahani ya fufu na samaki imefunikwa juu ya benchi, kutoka kwa mama mmoja wa ghorofa ya pili ambaye sikuwahi kula chake bila kulipa. Niliona fahari. Nilidhani wamesikia kwamba nina habari za Jumapili na wananitunza kama shahidi. Nilikula yote. Mtu mmoja alinimwagia maji nikanawa, na nilipoketi kitini kitambaa kikafungwa shingoni kwangu kwa upole ambao mwenye saluni hakuwa nao.

Nikaanza. Nilisema habari za mwenyekiti, nikasema za mweka hazina, nikalipasua lile la katibu. Nilisema kwamba dada yangu mwenyewe ameniambia juzi, kwa mdomo wake. Hakuna aliyekohoa. Nilimsifu beki wa kushoto kuliko alivyostahili, nikampa mabao ambayo hakuyafunga, na upande wa pili wa benchi, wale waliokuwa wakiniita mjinga kwa wiki sita, wakatikisa vichwa wakikubali. Nilisema karibu saa nzima. Sina budi kukiri kwamba ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizoishi Durban. Nilijiona mtu mwenye watu.

Mashine ilikuwa inanguruma kichwani kwangu muda wote huo, na mara moja nilitazama kitambaa nikaona ni cheupe. Hakukuwa na unywele hata mmoja. Kwetu nywele za mfiwa hunyolewa siku ya kumaliza matanga, na mwenye saluni alikuwa anazipitia hewani tu, akiniachia zangu kwa siku hiyo. Mimi niliona mzaha.

"Mashine yako imekufa?" nilimuuliza.

"Iko sawa, vieux," alisema. "Endelea."

Nikaendelea. Nikafika kwenye hoja yangu kubwa, ile ya mtu asiye na ndugu. Nikairudia yote, tena kwa madaha: kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kupewa timu, hawezi kupewa hata mbuzi, kwa sababu hana wa kumwonea haya, hana wa kumlilia, akianguka hakuna mlango utakaofungwa kwa aibu yake. Nikamtazama mwalimu kwenye kioo nione atafanya nini.

"Ni kweli," mwalimu alisema. "Minakubali. Mutu hana ndugu..." Hakumaliza. Alisimama akatoka, akasimama kwenye lami akiwa ametupa mgongo.

"Mwalimu amekimbia kipindi," nilisema, nikacheka. Nilicheka peke yangu, na hata hilo halikunishtua, kwa sababu mtu anayeshinda haangalii nyuso.

Kisha kwenye kioo nikamwona mchungaji mlangoni. Alikuwa na tai, na nyuma yake akina mama wawili waliofunga vitenge viunoni. Hapo nilielewa. Mchungaji haji saluni na akina mama wawili kwa ajili ya kocha. Mashine ilizimwa. Nikauliza ni nani, ingawa nilikuwa na mmoja tu.

Sikuweza kwenda kuzika. Nilikuwa na karatasi ya ukimbizi, na mwenye karatasi ile akirudi kwao amejifukuza mwenyewe. Matanga yalikaa chumbani kwangu siku tatu, watu wakipokezana kitanda na ngazi. Siku ya mazishi mwalimu alikuja na simu zake mbili, moja ikiisha chaji ashike nyingine, akaketi kando yangu akanishikia sikioni, na kule nyumbani mtu aliinua simu juu ya umati. Nilisikia wimbo, kisha upepo, kisha udongo. Mkono wa mwalimu ulichoka, akabadilisha mkono. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini mwalimu alijitahidi niwepo.

Jioni ya siku ya tatu mchungaji aliniomba nisimame. Hiyo pia ni desturi: mfiwa huwaambia watu neno la mwisho aliloambiwa na marehemu, ili wote walibebe. Nimesikia maneno mazuri sana katika matanga ya wengine. Pendaneni. Musiache kusali. Mutunze mama. Nilisimama katikati ya chumba na nilikuwa tayari kudanganya. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, kwamba aliniambia nikae vizuri na watu. Lakini saluni nzima ilikuwa mle ndani, na saluni nzima ilikuwa imenisikia Jumamosi nikimwaga kila kitu alichoniambia, neno kwa neno, kwa majivuno. Wangejua. Nilimtazama mwalimu, naye akatazama sakafu ili aniachie nafasi ya kudanganya nikitaka.

Nikasema kweli. Nilisema dada yangu aliniambia kwamba mwenyekiti anamtaka Mzungu na wachezaji wanamtaka wa nyumbani, na katibu bado anasitasita. Nilisema kwamba nilijua ametoka hospitali na sikumuuliza daktari amesema nini. Nilisema alianza kuniambia mwenyewe, na dakika zilikuwa zimekwisha, na mimi ndiye niliyezimaliza.

Mama mmoja mzee, ambaye nadhani hakujua mpira wala kamati, alisema amina, na wengine wakaitikia amina kwa sababu ndivyo inavyoitikiwa. Kesho yake, matanga yalipovunjwa, mwenye saluni alikuja na mashine yake akaninyoa kichwa chote, na safari hii nywele zilianguka.

Nilirudi langoni. Namba ya gari, weka saini. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga sikuthubutu, lakini ya pili nilikwenda, kwa kuwa miguu ilikuwa imezoea njia. Kutoka nje nilisikia makelele ya kawaida, mtu akiapa, mtu akipiga benchi. Nilipoingia walikuwa wanazungumza habari za mvua.

Walinipa nafasi. Waliniuliza kama nimelala vizuri. Walisema habari za mvua kwa muda mrefu, watu wazima tisa waliotoka mji ambao mvua hunyesha miezi tisa kwa mwaka. Nilielewa kwamba kocha amepatikana.

"Bamemupata nani?" niliuliza.

Wakatazamana. "Tuache ile mambo, ndugu yangu," alisema mwalimu.

"Nani?"

"Ule wako," alisema taratibu. "Wa kushoto."

Nilikuwa nimeshinda. Nilimngoja aongeze kitu, aseme kwamba beki wa kushoto ataharibiwa na shemeji zake, kwamba tutajuta kabla ya msimu kwisha. Alikaa ameweka mikono magotini. Basi nikauchukua upande wake mimi mwenyewe, nikamsemea. Nilisema kamati imekosea. Nilisema ndugu zake watajaza kikosi, na Mzungu asiye na mtu angefaa zaidi. Nilitaka sana aniite mjinga. Nilitaka mtu yeyote anikatize, maana sikuwa kitini.

"Ni kweli, vieux," alisema mwalimu. "Unasema kweli."

Na wengine wote wakasema ni kweli.

Nilikwenda Jumamosi nyingine mbili au tatu. Kila mara mpira ulikufa mlangoni nilipotokea, na walikuwa wema, na sijui mtu anafanya nini na wema wa namna hiyo. Wangenizomea ningejua pa kushika. Walidhani wakitaja timu wananichoma, na hawakukosea. Ila walipoacha kuitaja sikubakiwa na mtu wa kusema naye kitu chochote duniani. Siku moja niligeuza njia kabla ya kufika, nikapita robot ya chini, zile taa za barabarani, na kuingia kwa kinyozi mwingine, Mzulu, kijana mwenye redio ndogo. Hakunijua. Hakujua nimetoka wapi wala nimezika nani. Alinifunga kitambaa, akaniuliza kwa Kiingereza nashabikia timu gani.

Nilimwambia mpira siufuatilii.

Akasema sharp, yaani sawa, akawasha mashine, na tukakaa kimya wote wawili mpaka alipomaliza.